Wimbo wa Mutu wa Nyuma

Kikundi yetu ya ukulele ilikuwa na batu saba na nyuzi ishirini na saba. Kama unajua hesabu, utaona uzi moja inakosa. Ile moja ilikuwa yangu.

Ukulele ni gitari mutoto, ya nyuzi ine. Mugeni mumoja alipita hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi hapa Uganda, akatufundisha muda kidogo, akarudi kwao, akatuachia zote saba ndani ya boksi ya karto. Nyuzi zikaanza kukatika. Tukaweka nailo ya kuvulia samaki, ile banauza kule kwenye ziwa. Inalia muzuri tu, ila ukibonyeza sana inakukata kidole kama nyanya. Yangu ilipokatika sikuibadilisha. Batu nilikuwa nabaambia eti vidole vyangu vitatu tu njo vinasikia muziki, cha ine ni kiziwi. Ukweli ni kwamba kila Jumamosi nilikuwa nasema nitashuka ziwani kununua nailo, na kila Jumamosi nakuta sina hamu ya kutembea peke yangu.

Mimi ni fundi viatu. Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari, kiisha shule ikaniacha, haikusema hata kwaheri. Ninakaa chini na sindano yangu pale Misiera, kijiji kimoja cha kambi, kando ya duka ya jirani yangu fundi nguo, naye ni wa kikundi yetu. Batu ninabajua kwa miguu. Mutu akipita ninamusalimia kabla sijainua kichwa, naye anashangaa, anafikiri niko nabii. Kumbe ni kisigino tu. Lakini jioni nikifunga, sina mutu wa kusimulia visigino. Ninaingia kwa nyumba yangu, ninapika ugali ya batu bane, juu sikujifunzaka kupika ya mutu mumoja. Ninakula robo. Asubuhi ninakula robo ingine, nayo inanitazama.

Sasa habari ikafika: kikundi yetu imeitwa mujini Mbarara. Kulikuwa na mukutano wa vikundi bya muziki, ndani ya ukumbi, muchana. Tutapewa dakika kumi. Mwenye kutuongoza, mama mumoja wa Burundi aliyekuwaka anaongoza korali ya kanisa kwao, akahesabu kwa vidole, akasema, "Dakika kumi ni nyimbo tatu. Zikizidi tatu, tutaimba tukiwa nje."

Batu saba, nyimbo tatu. Shida ikaanzia hapo.

Ya kwanza ilikuwa wimbo wa kanisa, na hakuna aliyebisha, juu mama mwenyewe njo aliichagua, na macho yake yanakupiga kabla ya kinywa. Ya pili ikawa ya fundi nguo. Aliitunga mwenyewe, juu ya binti fulani aliyemukataa zamani akaolewa na muchuuzi wa chumvi. Anaiimba kila siku kwa cherehani yake, mpaka bibi yake anaiitikia kutoka jikoni bila wivu yoyote. Wote tulikuwa tunaijua. Ikabaki fasi moja, ya wimbo wa mwisho.

"Mimi niko na wimbo," nikasema.

Bakanitazama bote. Mimi siku zote nilikuwa naleta vichekesho, sikuletaka wimbo hata siku moja.

"Tuimbie," mama akasema.

Nikasafisha koo. Nikaimba, "Niko, niko nyuma yako." Nikanyamaza, nikangoja kidogo. Nikaimba tena, "Niko, niko nyuma yako." Nikanyamaza tena.

Fundi nguo akaweka ukulele yake chini. "Papa, sasa unajibu nani?"

"Mutu wa mbele."

"Yuko wapi?"

"Hayuko."

"Basi ni wimbo wa mulevi anarudishwa nyumbani na bibi yake!"

Bakacheka, na mimi nikacheka kupita bote, njo kazi yangu. Lakini nikabaelezea. Kwetu, kule mulimani Kivu ya Kusini, tulikuwa tunateremka muferejini kufuata mihogo iliyolowekwa, kiisha tunapanda nayo ikiwa nzito, inachuruzika maji kwa shingo. Na ukungu kule si mchezo. Mutu akiwa hatua tano mbele yako humuoni tena. Kwa hiyo dada yangu mukubwa alikuwa anatembea mbele, anaita kwa wimbo, na sisi tunafuata kwa mustari, tunajibu. Mimi nilikuwa mudogo wa bote, nilikuwa nyuma kabisa. Maneno ya mbele yalikuwa yananifikia yamevunjika, upepo umeyakula. Sauti yake naikumbuka, vile inapanda na vile inashuka. Maneno sikuyashikaka. Mimi nilishika jibu tu.

Dada alienda ngambo na batoto bake, miaka mingi sasa. Dosie yangu, zile karatasi za kuomba kupelekwa, ilikuwa mbali na yake, ikabaki. Tangu siku ile hakuna mutu hapa anayeijua ile njia. Kila siku nikishona biatu ninaijibu polepole, na hakuna aliyeniita. Nilikuwa nataka kintu kimoja tu: niisikie mara moja nzima, na batu, kwa sauti kubwa. Hiyo ya mwisho sikubaambia.

Mama akafikiri. "Nusu ya wimbo si wimbo," akasema. "Lete nusu ingine Jumamosi ijayo. Ukikosa, tunachukua wimbo wa harusi, kila mtu anaujua."

Wiki ile nilitafuta. Nikaenda kwa muzee mumoja karibu na Base Camp, kule kwenye maofisi, anatoka milima ya jirani na ya kwetu. Akanisikiliza na heshima yote, kiisha akasema, "Mwanangu, sisi tulikuwa na punda."

Nikarudi kwa telefone. Nikamurekodia dada mesaje ya sauti. Nilikuwa na akili nyingi siku ile: niliimba jibu, nikaacha kimya, ya urefu ule ule wa kuita kwake, nikaimba jibu tena. Eti yeye ajaze maneno yake ndani ya kile kimya, kama mutu anajaza karatasi ya ofisi. Nikatuma. Nilipoisikiliza nikakuta ndani ya kimya cha kwanza kuna mama muteja anauliza, "Hii kandambili unashona kwa bei gani?" Na ndani ya kimya cha pili mimi mwenyewe ninamujibu.

Alama mbili za kufika zikaonekana kwa telefone. Dada hakusema kintu. Jumatatu, Jumanne. Saa zao na zetu hazipatani, na yeye anafanya kazi mbili. Nilikuwa ninaibeba telefone ndani ya kofia ili nisikie ikitetemeka. Ilitetemeka mara moja, ilikuwa kampuni ya simu inanipongeza.

Ijumaa akapiga mwenyewe.

"Wee! Hiyo kandambili iliisha kushonwa?"

"Yaya!" Kwetu njo vile tunaita dada mukubwa.

"Unakula?"

"Ninakula mpaka ugali inaniogopa. Yaya, maneno ya mbele. Nipe maneno."

"Maneno gani?"

"Ile ulikuwa unaimba. Ya njia ya mihogo."

Nikasikia magari ya kwao yanapita. Kiisha akaanza kucheka, kile kicheko chake cha zamani, kinaanzia puani.

"Haikuwa na maneno, mudogo wangu."

"Namna gani haikuwa na maneno? Ulikuwa unaimba kila siku!"

"Nilikuwa nasema tu bile ninaona. Kuna jiwe, ninaimba jiwe. Kuna matope, ninaimba matope. Muti umeanguka, ninaimba muti. Ili mujue kwa kukanyaga."

"Mimi nilifikiri ni wimbo ya mababu."

"Jibu njo ya mababu. Ya mbele ni ya mwenye macho. Na nilikuwa ninahesabu sauti zenu. Yako njo ilikuwa inanisumbua. Ulikuwa unasimama kukojoa kila kona."

"Niimbie moja tu. Moja, Yaya."

"Niko kwa barabara, ndugu yangu. Batu hapa batafikiri nini? Bisi yangu hii imefika, hii imefika..."

Ikakatika. Nikabaki nimeshika kiatu cha mutu.

Jumamosi nikabaelezea kikundi bile dada alisema. Nilifikiri mama atakataa. Akabonyeza midomo yake, akasema, "Basi ni rahisi. Wewe simama mbele, sema unachoona. Sisi tutajibu."

"Mimi? Mama, mimi ni mutu wa nyuma. Hata kwa foleni ya posho bananijua."

"Mbele, mzee."

Tukaiacha kwa Swahili, vile nilibaimbia, juu luga yetu ya mulimani ingebavunja meno. Tukafanya repetisyo, yaani mazoezi, pale nyuma ya duka. Mbele yangu kulikuwa ukuta, nikaimba, "Kuna ukuta." Bakajibu, "Niko, niko nyuma yako." Kulikuwa kamba ya kuanikia, nikaimba, "Kuna suruali ya fundi, imetoboka matako." Bakajibu kwa furaha kubwa. Fundi akasema hiyo si njia ya mulimani, hiyo ni njia ya kumuharibia soko. Mama akapanga: nitaita mara tatu, kiisha bote banapiga akorde ya mwisho, nyuzi zote pamoja, tunakata. "Tatu tu," akanionyesha vidole. "Nimesema tatu."

Ndani yangu nilikuwa na furaha, lakini kulikuwa kintu kinaniuma. Jibu nililifanyia mazoezi maisha yote. Sasa bengine sita njo balikuwa nalo, na mimi sikuruhusiwa kuliimba tena.

Siku ya Mbarara nilivaa viatu vya muteja. Nilimurudishia kesho yake, vikiwa vimepigwa rangi, hakujua na asijue.

Ukumbi ulikuwa mukubwa kupita muziki wetu. Mwenye kuita vikundi, Muganda mumoja wa suti, akatufuata mulangoni. "Sebo, bwana, nyinyi iko na dakika kumi. Hapana ongeza, watu bado mingi." Tukapanda. Wimbo wa kanisa ikaenda muzuri. Wimbo wa fundi nguo ikaenda muzuri zaidi, mpaka mama mumoja wa mustari wa kwanza akatikisa bega. Kiisha mama wetu akanigusa mugongo, nikasogea mbele.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa yote ila kwa ile. Pale Misiera, mbele yangu kulikuwa ukuta kila siku. Na kule mulimani, hata ndani ya ukungu, nilikuwa najua mbele yangu kuna mugongo wa mutu, na mbele yake mwingine, mpaka kwa dada. Sasa nikainua macho na hakukuwa mugongo, viti tu. Sikufikiriaka hata siku moja kwamba dada naye alikuwa anatembea hivi. Miaka yote ile, tukiwa tumemujazia nyuma, mbele yake hakukuwa na mutu.

Nikaimba, "Kuna biti."

"Niko, niko nyuma yako," bakajibu. Sauti sita na nyuzi zote.

"Biti ni mingi, batu ni kidogo."

Ukumbi ikacheka. "Niko, niko nyuma yako."

"Kuna mama anakula mandazi, anaficha."

Bakacheka sana, na yule mama akaangusha mandazi. Bakajibu. Hiyo ilikuwa ya tatu. Nikasikia nyuma yangu vidole binajipanga kwa akorde ya mwisho, na nilijua nikate. Sikukata.

"Kuna mulango," nikaimba.

Bakachelewa kidogo, kiisha bakajibu.

"Uko wazi."

Bakajibu.

"Inje kuna jua, hakuna mutu."

Sasa hakuna aliyecheka. Kwetu ule wimbo ulikuwa unaisha tukifika kiwanjani na mizigo inashuka. Mutu wa nyuma hajiulizi hiyo, anakuta tu batu bamenyamaza, naye ananyamaza. Dada hakuniambia mutu wa mbele anaumaliza namna gani kama hakuna kiwanja. Nikaendelea. Niliimba dirisha. Niliimba kisigino cha mulinzi wa mulango, kilichoisha upande. Yule mwenye suti akainua mukono akanionyesha saa yake, nikaiimba nayo. Na kila mara, bila kukosa hata moja, sauti sita zilikuwa zinaniambia ziko, na mimi nilikuwa nangoja, sijui nini, labda moja iniambie mbele kuna nini.

Mama wa Burundi akaacha kupiga. Akaja akasimama kando yangu, karibu na sikio.

"Tumefika, mzee."

"Fasi gani?" nikamuuliza, na kwa kweli nilitaka kujua.

"Mbarara," akasema. "Inamisha kichwa, watu wanangoja."

Nikainamisha kichwa.