Taya la Kisa

Sikio la kulia la Kisa lilianza kutoka usaha akiwa na miaka saba. Mama yake alimpangusa kwa pamba, akamdondoshea mawese ya uvuguvugu. Likakauka, likarudi. Shuleni alikalishwa dirishani kwa sababu ya harufu. Watu walisema tu, "Kisa ana sikio bovu," kama wanavyosema fulani ana makengeza.

Alipoolewa na Lameck huko Matema, kando ya Ziwa Nyasa, taya lilikuwa limeanza kukaza. Kwanza alishindwa kuuma hindi. Mwaka uliofuata hata ndizi ilibidi azipondeponde. Alipojifungua mtoto wa pili, kati ya meno yake ilipita ncha ya kijiko cha chai, basi. Akaenda kung'olewa jino la mbele, zima kabisa, apate mlango wa uji. Kanisani walidhani anaringa kwa kuwa hacheki.

Baba mkwe wake, mzee Zebedayo, hakukosa ibada, ila mila ya Kinyakyusa hakuiacha: mke wa mwana hamkaribii baba mkwe, hawatazamani, hawasemeshani. Kisa akimwona njiani alijichomeka kwenye migomba. Waliishi hivyo miaka sita, ua mmoja.

Machi, katikati ya mvua, Kisa alishikwa na malaria. Lameck na mama yake, Marta, walikuwa kwenye mpunga. Mzee alikuwa barazani anageuza kakao aliyoianika aliposikia ukuta wa chumba cha Kisa unagongwa. Akaita, kimya. Ukagongwa tena.

Kisa alikuwa amelala chali, macho yamemtoka, uji unamtoka puani. Alikuwa anatapika na matapishi hayana pa kupita. Zebedayo alisita mlangoni. Kisha akaingia, akamlaza kifudifudi magotini pake, akampiga mgongoni, akatia kidole kwenye pengo la jino na kuchokoa mpaka pumzi ikapita.

"Baba, usinishike," Kisa alisema, meno yamebana.

"Nyamaza, mwanangu. Aibu nitaibeba mimi."

Jioni Marta alilia kwa fedheha. Mzee hakubishana naye. Alimwambia Lameck, "Kesho anakwenda Mbeya. Nimemwona."

Huko Mbeya daktari aliwaonyesha picha ya eksirei. Usaha wa miaka yote hiyo ulikuwa umekula mfupa kutoka sikioni hadi kwenye kiungo cha taya, mfupa ukashikana na mfupa.

"Angeletwa utotoni," alisema, "tungetibu sikio tu."

Walimpasua. Mpira wa kupumulia ulipitishwa puani akiwa macho, kabla ya dawa ya usingizi, maana mdomoni hapakuwa na njia. Alipozinduka, mdomo ulifunguka upana wa vidole viwili. Akapewa vijiti bapa vya mbao: avipange kati ya meno mara nne kwa siku, akiongeza kimoja kimoja, mwaka mzima, hata akiumia.

Aliumia. Machozi yalimchuruzika hadi shingoni, na Lameck hakuweza kutazama.

"Pumzika leo, mke wangu," alisema, akavificha vijiti darini. Kesho yake akasema vilevile. Kisa hakuuliza viko wapi.

"Mwambieni asiache," mzee alituma neno kila wiki. Septemba kiharusi kikamchukua. Msibani wanawake walilia kwa vinywa wazi. Kisa alilia meno yamekutana, sauti ikitokea puani, na waombolezaji wa mbali wakamgeukia.

Sasa kinapita kijiko, kikiingizwa ubavu. Sikio la kulia halisikii tena. Daktari alisema upasuaji wa pili unawezekana, ingawa ni mgumu kuliko wa kwanza. Barua ya kurudi kliniki ilikuwa ya Januari. Kisa hakwenda.