Chanjo Iliyopata Joto Usangu

Niliondoka Iringa kwa sababu ya simu ya mzee Masanja, mfugaji wa Usangu. Homa ya mapafu ilikuwa imeingia kwenye zizi la jirani yake, naye alitaka ng'ombe wake wachanjwe kabla haijavuka. Mimi ni daktari wa mifugo, na nina gari ambalo nalala humo humo: kitanda, friji ndogo ya chanjo, na betri mbili zinazochajiwa na sola iliyo juu ya paa. Chanjo ile ikipata joto, imekufa.

Mafinga nilipita asubuhi kwenye manyunyu, malori ya mbao yamewasha taa. Sola haikuingiza kitu, lakini injini ilikuwa inachaji betri, kwa hiyo sikuwaza.

Saa nane mchana nilifika Usangu. Jua lilikuwa kali mno, nikaegesha chini ya mgunga. Masanja akanipokea kwa maziwa.

"Karibu, daktari. Ng'ombe wako malishoni, mbali. Kesho asubuhi wote watakuwa zizini."

Mkewe, Mama Kulwa, akaja na simu. "Mwanangu, tumesikia gari lako lina umeme. Niwekee kidogo."

Nikamwekea. Majirani wakafuata. Hadi jua linazama nilikuwa nimechomeka simu kumi na moja na spika ya kanisani, huku kivuli cha mgunga kimeifunika sola. Betri sikuzipima hata mara moja.

Asubuhi friji ilikuwa kimya. Kipimajoto chake kilisoma nyuzi kumi na tisa. Chupa zilionekana safi vilevile, na ng'ombe mia mbili walikuwa wanasubiri. Nani angejua? Nilishika bomba la sindano, kisha nikaliweka chini.

"Mzee, chanjo imeharibika. Betri zimeniishia."

Masanja akaitazama friji, akanitazama mimi. "Sasa utawachoma nini ng'ombe wangu, daktari? Maji?"

Mama Kulwa alichukua simu yake, imejaa chaji, akaondoka.

Nilikwenda Mbeya mjini kutafuta chanjo nyingine, haikuwepo. Niliingoja siku tisa. Niliporudi, ng'ombe wanne wa Masanja walikuwa wamesimama shingo zimenyooka, viwiko wamevitanua ili wapate pumzi, wakikohoa.

"Hapa umechelewa," alisema. "Nenda kwa mdogo wangu, ng'ambo ya mto. Pengine wake bado wazima."

Nilikwenda, nikachanja mpaka mkono ukafa ganzi. Nilipopita kuaga, Masanja alikuwa anachimba shimo. Hakuinua kichwa.

Siku hizi gari nalianika juani, mimi ndiye ninayetafuta kivuli. Betri za friji nazipima kila jioni, na hazichaji simu ya mtu. Hayo fundi yeyote angenifundisha. Lililonichukua muda kukubali ni jingine: ningeweza kusema hapana. Nilitaka wanipende siku ile ya kwanza, nikasahau kwamba hawakuniita kwa ajili hiyo.