Jina la Mtu Aliye Hai

Jina lako la kati ni la nani? Usinijibu haraka. Kwa watu wengi wa nchi hii ni la baba, limekaa pale katikati kama mwenye nyumba aliyejinyoosha sebuleni, na hakuna anayeuliza. Mimi niliuliza, mwaka huu, nikiwa nimempakata binti yangu wa kwanza ambaye hata kitovu kilikuwa hakijadondoka. Nilisema ataitwa Neema, jina la kati Subilaga, kisha ukoo wa baba yake. Mume wangu alisema yeye atabaki kwenye ukoo na kunamtosha. Tulikuwa pale kwetu Kisondela. Mama alitoka nje kwenda kuangalia kama nguo zimekauka kwenye kamba, na mvua ilikuwa inanyesha.

Ili uelewe jinsi jina moja linavyoweza kumpeleka mwanamke mzima mvuani, inabidi nirudi nyuma.

Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ilikuwa ya Bibi, mama yake baba. Tuliishi humo sisi, Bibi, na Shangazi Subilaga, dada yake baba, aliyekuwa amerudi kutoka kwenye ndoa iliyomshinda, bila mtoto. Baba Mdogo, kitinda mimba wao, alikuwa amejenga ng'ambo ya migomba. Shangazi alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na ulimi wake haukuwa na mlango. Mchungaji aliwahi kumwuliza kama bado anamwombea mume aliyemwacha. Akajibu kwamba anamwombea mke mpya, maana huyo ndiye mwenye shida kwa sasa. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Walikuwa mawifi wanaopendana, jambo ambalo si la kawaida hata kidogo. Jumamosi walisukana nywele barazani, wakisema watu.

Kisha akazaliwa mdogo wangu, na mdogo wangu alikuwa mtoto wa kulia. Hakulia kwa njaa wala kwa baridi, alilia kama mtu anayedai haki yake. Siku hizi nayajua maneno ya msokoto wa tumbo la mtoto mchanga, nimeyasoma. Wakati ule jibu lilikuwa moja tu: mtoto analilia jina. Kuna mmoja wa waliotangulia anataka kukumbukwa, na mtoto hatatulia mpaka ijulikane ni yupi.

Bibi alikuwa na utaratibu wake wa kulitafuta. Mama wa mtoto huketi ameelekea ukutani, mtoto mapajani, wote wawili wamefunikwa blanketi. Haruhusiwi kunyonyesha, kwa sababu mtoto anatakiwa anyamazishwe na jina, si maziwa. Bibi husimama nyuma yake na kuwataja marehemu wa ukoo mmojammoja, taratibu, akiacha nafasi baada ya kila jina ili mtoto apate kusikia. Mtoto akinyamaza, basi, mwenye jina amepatikana, watu wanakula.

Ilikuwa mchana. Majirani walijaa, wanawake kwa wanawake, na Baba Mdogo mlangoni kama askari. Mimi nilikaa miguuni pake. Bibi alianza na baba yake mzazi. Mtoto akalia. Akaja kwa mumewe, kwa mama mkwe wake, kwa shangazi zake waliozikwa Igogwe. Mtoto akalia. Alimtaja hata yule babu aliyekunywa ng'ombe wa mahari wa wadogo zake, ambaye kwa kawaida hatajwi. Mtoto akazidi. Sauti ya Bibi ilikauka. Akageuza uso kuelekea jikoni, alikokuwa binti yake akipikia wageni, akaita, "Subilaga, niletee maji."

Mtoto akanyamaza.

Nakumbuka mvua juu ya bati. Nakumbuka Shangazi akiingia na kikombe mkononi, akakuta kimya, akatabasamu maana alidhani jina limepatikana. Akauliza, "Mmempata? Ni nani?" Bibi hakupokea maji.

Kanuni ilikuwa inajulikana na kila aliyekuwa mle ndani, hata mimi. Jina huombwa na aliyekufa. Mtoto akilitaka jina la aliye hai, basi huyo aliye hai ameshamshika, anamvuta kidogokidogo kama anayevuta kamba ya ndoo. Na mwanamke asiye na mtoto, aliyeachika, mwenye ulimi, unataka ushahidi gani tena?

Usifikirie kwamba alipigwa au alitukanwa. Kwetu hatuna haja ya kelele. Wazee waliamini kwamba watu wakimnung'unikia mtu kwa pamoja, hata kimoyomoyo, pumzi yao humfikia kama baridi, na anaugua. Mimi nilichokiona kilikuwa cha kawaida zaidi, na nadhani kilikuwa kibaya zaidi. Waliacha kula chakula chake. Siku ile ile sufuria nzima ya ndizi na nyama ilipoa mezani, kila mtu ameshiba ghafla. Kesho yake Mama alipika mwenyewe, na uzazi wake bado mbichi. Jumamosi ilipofika, Shangazi alikaa barazani na kitana mkononi, akasubiri, na Mama hakutoka.

Kisha mtoto akapata homa ya mapafu, akapelekwa hospitali ya misheni, akachomwa sindano, akapona. Sindano haikupewa sifa yoyote. Ilisemekana amepona kwa sababu mwenye kumvuta ameona tunamwangalia. Alipewa jina la Asajile, jina la babu mmoja mpole aliyekufa zamani, na aliendelea kulia vilevile mpaka umri wa kulia ulipokwisha. Hilo nalo hakuna aliyelitaja.

Baba Mdogo ndiye aliyetumwa kusema na dada yake. Alivaa koti la kanisani. Alimwambia kwamba hakuna anayemshuku, ila ingekuwa vizuri apumzike mahali pengine kidogo, mpaka mtoto akue. Shangazi akamwuliza, "Akue mpaka wapi? Mpaka aote ndevu?" Asubuhi iliyofuata akaondoka na jembe, godoro lililoviringishwa na kuku wake kwenye tenga. Nilitaka kumfuata. Mama alinishika mkono kwa nguvu iliyonishangaza, na alikuwa analia, na mimi nikadhani analia kwa sababu wifi yake anaondoka.

Alikwenda Isongole, akakodi shamba la viazi kule juu kwenye baridi. Asajile aliota ndevu, sasa ananunua parachichi kwa wakulima na ana kitambi. Bibi alifariki, baba akafuata. Hakuna aliyepanda kwenda kumwambia mwanamke yule kwamba muda wake wa kupumzika umekwisha.

Mimi nilianza kumtembelea nikiwa chuoni. Huko chuoni nilijifunza jina la kitaalamu la mambo haya, lenye herufi nyingi, na halikunisaidia kitu. Shangazi hakuwahi kuizungumzia siku ile. Alinipa viazi vya kubeba, akaniuliza wanaume wa Dar es Salaam wana nini cha ziada. Nilipokwenda na mimba ya miezi minane kumwomba jina lake, aliendelea kumenya viazi.

"Mimi sijafa," akasema. "Jina langu bado nalitumia."

Nikamwambia tutalitumia wote wawili. Akamenya kiazi kizima kabla ya kuuliza mama yangu anasemaje. Nikasema sijamwuliza. Akasema basi huna jina, una ugomvi. Nikamwambia nitavichukua vyote viwili, na ndipo akacheka, ila kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani.

Basi ugomvi nikaupata. Siku ya kikao, maana jina lilihitaji kikao, Baba Mdogo aliketi kwenye kiti cha marehemu baba na kutoa hoja. Jina la kati ni la baba, hiyo ndiyo desturi ya Tanzania nzima. Mtoto ataonekana hana baba. Walimu watauliza, wenzake watamcheka. Nikamwambia baba wa mtoto ameridhia, kwa hiyo aseme sababu ya kweli. Akasema hakuna sababu nyingine, sisi ni Wakristo, hakuna mtu hapa anayeamini mambo ya kizamani.

"Basi hakuna tatizo," nikasema.

"Tatizo lipo," akasema.

Tatizo lenyewe lilikuwa linapanda kilima wakati huo, juu ya pikipiki ya Asajile. Nilikuwa nimemtuma mdogo wangu kumfuata Shangazi na sikumwambia mtu. Nimechoka na watu wanaomsadiki Mungu Jumapili na kuogopa majina siku zilizobaki. Niliona kwamba kama jina la Shangazi litakaa kwa mwanangu, basi mwenyewe ataingia kwa mlango wa mbele, kwa macho yao, na atakula.

Aliingia akidondosha maji, mabuti ya shamba miguuni, mfuko wa rambo kichwani kujikinga mvua. Alikuwa amezeeka kwa mabega. "Mugonile," akatusalimia, kama aliyetoka dukani. Baba Mdogo aliyatazama mabuti ya dada yake, na macho yake hayakupanda juu ya hapo. Mama alisimama, akakaa, akasimama tena. Asajile, kitambi chake mbele, alitafuta kitambaa cha kumpangusia shangazi yake, na hapo ndipo mwanangu alipoanza kulia.

Alilia vizuri, kwa kifua chote, kama wa ukoo. Nikafungua kifungo cha kwanza cha blauzi.

"Ngoja," akasema Baba Mdogo. Aliinua mkono. "Usimnyonyeshe kwanza. Mna uhakika na hilo jina, sivyo? Litajwe mtoto akilia hivyohivyo, tuone. Mwenyewe si yupo?"

Mtu mwenye akili angecheka. Mimi nilifunga kifungo, kwa kiburi tu, maana nilitaka washindwe kwa kanuni yao wenyewe. Nikamwambia haya, litaje. Akasema nilitaje mimi. Nikasema wewe ndiye mzee wa ukoo, mwite dada yako jina. Akafungua mdomo, akaufunga. Miaka yote hiyo mzee yule hakuwa amelitamka jina la dada yake, na hata pale, ambapo lingempa ushindi, lilimshinda.

"Mpeni mtoto chakula chake," Shangazi akasema, akivua mabuti. "Mimi uchawi nilishauzoea."

Mtoto alilia na sisi tulikaa, watu wazima, wenye vyeti na vyeo vya kanisani, tukisikiliza kilio cha mtoto mwenye njaa kana kwamba kina ujumbe. Nikagundua kwamba sijawahi kuwaogopa wafu wa ukoo wetu. Wafu hawakumfukuza mtu. Niliowaogopa tangu siku ile ya mvua ni walio hai, wanavyoweza kujaa chumba na kila mmoja akamsubiri mwenzake aseme. Na mimi nilikuwa mmoja wao sasa, na blauzi yangu imefungwa.

Mama akavuka chumba. Hakuniomba ruhusa; alifungua vifungo vyangu kwa vidole vyake mwenyewe, akaminya, akamwelekeza mtoto mdomo. Kilio kikakatika. Akabaki ameinama hivyohivyo, kiganja chini ya kisogo cha mjukuu wake, muda mrefu. Baba Mdogo alianza kusema, "Shemeji," lakini Mama hakumsikia.

"Wifi," Mama akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya barazani, bila kuinua uso. "Asajile hakulilia jina lako. Nilikuwa nimechoka, nikamnyonyesha chini ya blanketi. Mama mkwe alipokuita ulete maji, mtoto alikuwa tayari amekamata ziwa. Nilijua, nikawaacha waamini."