Nani Anakuvalisha Gambuti

Mtu asije akaniambia ati wapakiaji wa viazi Kuresoi wana afya nzuri. Nitamkosea heshima. Huo uongo niliuandika mimi, kwa kidole changu, kwenye tableti ya watu wa utafiti.

Kazi yetu ilikuwa kuzunguka vijijini tukiuliza nani anafanya kazi gani, nani mgonjwa, nani amekufa, ili wataalamu wa uchumi wajue ni kazi gani inamaliza watu. Asubuhi moja nikakuta wapakiaji sita kando ya lori wakibeba lumbesa, yale magunia ya viazi yanayojazwa hadi mdomo halafu yanashonewa kofia ya wavu juu, mnunuzi apate zaidi kwa bei ile ile. Wanaume wawili wanamtwika mmoja, na huyo mmoja anapanda nalo ubao hadi ndani ya lori.

Nikamwita mtu mmoja wa makamo, mcheshi. Nikamuuliza pale pale, wenzake wakisikia, msimamizi wao ameegemea lori: "Mzee, afya yako ikoje?"

"Niko fiti, madam. Ama unataka nikubebe uone?"

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, mjinga mimi, nikabonyeza "nzuri sana". Wale watano wengine nao wakawa fiti, mmoja baada ya mwingine. Mimi ni mtoto wa Molo, nimelelewa na viazi. Nilijua vizuri kwamba mpakiaji akisema mgongo unamuuma na msimamizi anasikia, kesho nafasi yake ina mtu mwingine. Nilijua, na bado niliuliza hapo kwa sababu nilikuwa na haraka ya kumaliza fomu.

Mwaka uliofuata tukarudishwa kwa watu wale wale. Nyumbani kwa yule mcheshi nikampata mkewe akipanga mbegu za viazi. Akaniambia mzee alianguka kwenye ubao wa lori, lumbesa ikamlalia, na hakumaliza wiki.

Nikasema pole. Halafu, Mungu anisamehe, nikamsomea swali la fomu: kabla ya hapo, marehemu alikuwa na shida yoyote ya afya?

Akaweka mbegu chini. "Mimi ndiye nilikuwa namvalisha gambuti zake za mpira kila asubuhi, kwa sababu hangeweza kuinama. Siku ile ulikuja na hiyo mashine yako nilikuwa nachagua viazi nyuma ya lori. Uliniona. Kwa nini hukuniuliza?"

Nikaizima tableti, nikaaga.

Matokeo yalisomwa kwenye hoteli moja Nakuru mjini, chai na samosa mezani. Mkubwa wetu akaonyesha mchoro ukutani: wapakiaji wana afya kuliko wakulima wote. Nikasimama nikauliza yule aliyekufa yuko wapi kwenye huo mchoro. Akanieleza polepole, kama anayefundisha mtoto, kwamba wamehesabiwa walio kwenye soko la kazi tu, na marehemu hayuko sokoni tena. Nikamwambia basi hiyo kazi itaendelea kuonekana nzuri hadi iwazike wote. Akashukuru kwa mchango wangu na kuomba swali lingine. Kazi yao niliiacha siku hiyo hiyo.

Wiki iliyofuata nilienda Kuresoi kwa nauli yangu, na daftari la shule mkononi. Nilitaka kwenda kwa wale watano waliobaki, mmoja mmoja, nyumbani, msimamizi hayuko. Kwa nyumba ya kwanza nikakaribishwa chai. Sikuuliza mambo ya afya. Nilimuuliza mwenye nyumba, "Gambuti unajivalisha mwenyewe?"

Akaangalia mlango. Mkewe, aliyekuwa akichuja chai, akaweka sufuria chini, akainua mkono. "Ni mimi."