Anwani ya Mzee

Kazi yangu ni kuangalia mitambo ya barua pepe ya chuo kimoja pale Rongo. Barua zikifika, hakuna anayejua kwamba nipo. Zikikwama, simu yangu haitulii. Kwa hiyo sikushangaa mwalimu wangu wa chekechea aliponipigia kutoka nyumbani kwake, nje kidogo ya Kendu Bay, siku chache baada ya mumewe kufariki.

"Nyathina," akasema, kwa maana tangu aliponifundisha a, e, i, o, u mimi ni mwanawe, "njoo uniangalizie email. Inakataa kwenda."

Nilifika asubuhi. Turubai lilikuwa limeshafungwa uani, na wanawake walikuwa wakichambua mboga za osuga kwenye ungo. Mzee mwenyewe alikuwa bado mochari, Homa Bay. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, mtu ambaye hata salamu zake zilikuwa na mpangilio. Ndugu zake wawili walikuwa wamekaa chini ya turubai bila la kufanya, kwa sababu hawakuweza kupanga siku ya maziko. Kifungua mimba wa marehemu alikuwa Kanada na hakuwa amesema neno.

"Si lazima aje," mkubwa wao aliniambia. "Aseme tu, mzikeni, na tutamzika. Lakini aseme. Boma hili sasa ni lake. Hatuwezi kumruka kama dimbwi."

Namba yake ya simu ilikuwa imekufa kitambo. Kilichobaki ni anwani ya barua pepe.

Kila mtu pale alijua walichogombania mzee na mwanawe. Kijana alimwoa binti wa mfanyabiashara Mwislamu mwenye duka Homa Bay mjini, na mzee akasema msichana huyo hatakanyaga boma lake. Wawili hao wakaondoka. Mzee hakunyamaza. Aliendelea kumwandikia mwanawe barua zenye hoja zilizopangwa kwa namba, kama zile alizokuwa akiwaandikia walimu wachelewaji.

Mama, kama nilivyozoea kumwita mwalimu wangu, alinipa simu ya marehemu. Nyumba nzima ilikuwa na anwani moja, ile aliyoifungua mzee angali kazini, na mama aliitumia bila kufikiri mara mbili. Kwetu tulikua hivyo. Barua za kijiji kizima zilipitia sanduku moja la posta la shule, na hakuna aliyedhani barua ni ya mwalimu mkuu kwa sababu sanduku lilikuwa lake. Mama naye aliandika kwa anwani ya mumewe, akatia chini neno "Mama", akaona imetosha.

"Karani wa mwanangu ananijibu upesi," akasema. "Ni yeye mwenyewe tu aliye kimya."

"Karani gani, mama?"

Akanionyesha. Yalikuwa majibu mengi, yote ya Kiingereza, yote yanafanana. Hayakuwa ya karani. Ilikuwa ile taarifa inayotumwa na mtambo wenyewe barua inaposhindwa kuingia. Chini ya baadhi ya taarifa hizo mama alikuwa amejibu. Moja, aliyoiandika kwa Kiluo, ilisema hivi: Ndugu, asante kwa kunijibu. Mungu akubariki katika kazi yako. Tafadhali mwambie mwanangu kwamba mamake anamsalimia, yeye na mkewe, na kwamba ng'ombe mweusi amezaa.

"Nani alikuambia ni karani?"

"Mzee. Kiingereza hicho kilinishinda, nikampa asome. Akasema ni karani wa pale kazini, anasema barua imepokelewa, mtoto atajibu akipata nafasi."

Yule ndugu mdogo wa marehemu akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Karani wa Kanada anajibu papo hapo. Wa kwetu, ukimwachia barua, unazeekea kwenye benchi."

Sikucheka. Nilifanya kama ninavyofanya kazini, nikianza na makosa madogo. Nilisoma anwani herufi kwa herufi, ilikuwa sawa. Sanduku la kijana halikuwa limejaa. Seva ya upande wa pili ilikuwa hai, inapokea. Nikarudi kwenye taarifa yenyewe na kutafuta namba, maana kila barua inayorudi huja na namba ya sababu. Inayoanza na nne humwambia mtumaji ajaribu tena baadaye. Inayoanza na tano humwambia asihangaike. Hii ilianza na tano, na mbele yake palikuwa na sentensi moja ambayo haikutungwa na mtambo. Kijana anafanya kazi kama yangu, na seva ni yake. Alikuwa ameketi siku moja akaandika anwani ya babake, akaiamuru seva irudishe kila kitakachotoka hapo.

Nilimwomba mama tusogee kando ya tangi la maji.

"Imeharibikia wapi?" akauliza.

"Haijaharibika, mama. Inafanya ilivyoambiwa. Amefunga anwani ya mzee."

"Lakini hata mimi ndiyo ninayotumia."

"Ndiyo."

Aliinama akafunga mfereji wa tangi, uliokuwa tayari umefungwa. "Kwa hiyo hata moja haikufika."

"Hata moja."

Hakuniuliza juu ya karani. Mzee alikuwa amefundisha Kiingereza maisha yake yote, na sisi wawili tulilijua hilo.

Akaniambia nitumie anwani yangu. Maneno alinipa yeye, machache: babako amefariki, tunangoja neno lako, mimi mamako. Nikatuma. Tukasubiri irudi. Haikurudi, na hapo nikaona uso wa mama ukibadilika, kwa sababu sasa kama kijana angenyamaza, mama asingekuwa na mtambo wa kusingizia.

Jibu lilikuja kesho yake mchana, kwangu. Nilimsomea tukiwa jikoni. Sikujui, kijana aliandika. Mamangu hajawahi kuniandikia hata mara moja tangu niondoke. Kwa nini leo aanze kupitia mgeni? Kama ni mzee amekutuma na habari hizi za kifo ni hila, mwambie nimeelewa hoja zake zote.

Mama aliketi kwenye kigoda. Wanawake wengine waliendelea kukoroga uji, wakijifanya hawasikii.

"Zile zilizorudi ziko wapi?" akauliza.

"Zimo humu. Kila taarifa imerudi na barua yako ndani yake."

"Mpelekee."

"Zote?"

"Hata ya ng'ombe."

Nilizikusanya kwa mpangilio wa tarehe, nikamtumia. Haikupita saa moja simu yangu ikalia, namba ya ng'ambo. Wazee walitaka kusikia kwa masikio yao, basi nikaweka sauti ya nje na kuilaza simu mezani chini ya turubai. Mama alimwita kijana kwa jina lake la utotoni. Kijana akalia, naye mama akamngoja amalize, kama alivyokuwa akitungoja sisi darasani.

"Mzikeni," hatimaye akasema. "Mimi sitakuja. Siwezi kusimama mahali ambapo mke wangu alikatazwa kusimama."

Mkubwa wa ndugu akaitikia kwa kichwa polepole. Neno lilikuwa limepatikana.

"Mama," kijana akauliza, "yeye alijua? Kwamba barua zako zinarudi?"

Nilitazama chini. Yule ndugu mdogo, aliyekuwa amecheka, naye alitazama chini.

"Mzee?" mama akasema. "Ah. Mambo ya kompyuta hayakuwa yake."

Tulimzika mzee Jumamosi. Aliyesoma wasifu alitangaza kwamba mwana mkubwa ameridhia kutoka mbali, na watu wakaitikia amina. Mama alisimama wima muda wote, binti zake, waliokuja kwa maziko, wakiwa kila upande.

Wageni walipoanza kutawanyika aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa na ile simu mkononi.

"Nisomee ile sentensi ya Kiingereza," akasema. "Kisha niambie kwa Kiluo, neno kwa neno. Usiongeze, usipunguze."

Nikamwambia: mwenye sanduku hili hataki barua yoyote kutoka kwa mtu huyu.

Aliniomba nirudie, nikarudia.

"Basi ni hiyo tu," akasema. "Ni fupi. Mzee angeweza kunisomea."