Moyo wa Kamene

Wifi yangu Kamene hushona sare za shule hapa Mwabungo. Ana miaka thelathini na minne, hana presha, hana sukari, sigara hajaigusa. Nasema hayo mapema kwa sababu baadaye kila mtu alinitajia, kana kwamba maradhi huomba ruhusa.

Mtoto wake alikuwa na siku ishirini na tisa, mama bado yumo ndani ya arubaini, alipoketi ghafla kitandani akashika taya. Maumivu yakashuka mpaka mkono wa kushoto. Nikampeleka zahanati ya karibu. Daktari akamuuliza ana nini.

"Moyo unaniuma," Kamene akajibu.

Yule bwana akaweka kalamu chini. "Nani amekukosea, mama? Ni mume?"

Hakumpima hata presha! Alimpa dawa za vidonda vya tumbo, akamwambia asamehe. Na sisi, wajinga wa mwisho, tukaitisha kikao. Kaka yangu Matano akaketishwa mbele ya wazee, akaomba radhi kwa kosa asilolijua, huku mkewe kijasho chembamba kikimtoka na akitapika kwenye beseni. "Mwacheni, ni hasira hizo zinamtoka," shangazi yetu akasema. Hadi leo nikimkumbuka damu inanichemka.

Nilivunja kikao. Nikakodi gari mpaka hospitali kubwa, nao wakampima na kumkimbiza Mombasa. Huko walipitisha mpira mwembamba mshipani wakatuonyesha picha: mshipa wa moyo ulikuwa umechanika wenyewe kwa ndani, damu imejipenyeza katikati ya ukuta wake na kuziba njia. Huwapata zaidi wanawake, daktari wa Mombasa alisema, hata wazima wa afya, hata waliotoka kujifungua juzi.

"Yaani bitana imeachana na kitambaa," Kamene akasema.

"Hasa, mama."

Alipewa dawa, akakatazwa kazi nzito, na mshipa ukajiunga polepole.

Mwezi uliopita alimpeleka mtoto chanjo, zahanati ileile. Yule bwana akamtambua. "Pole sana, mama. Lakini mbona siku ile hukusema kwamba unaumwa?"

Kamene akamkabidhi kadi ya mtoto.

"Nilisema moyo, daktari. Ulitaka nikwambie wa nani?"