Torborg na Mti wa Sixten

Torborg Ekvall alipika katika jiko la shule hapa Söderhamn, Sweden, kwa miaka thelathini na mmoja. Hakujaliwa mtoto. Alikuwa na mumewe Sixten, fundi wa treni, na kila tarehe kumi na tatu Januari, Siku ya Knut, mtakatifu anayesemekana kuja kuifunga Krismasi, wawili hao waliwafungulia mlango watoto wa jengo zima. Walicheza na kuimba wakiuzunguka mti wa Krismasi, Sixten akipiga kodiani. Kisha watoto waliuvua mapambo, wakagombania peremende zilizoning'inizwa matawini, wakaivunja kwa ngumi nyumba ndogo iliyojengwa kwa biskuti za tangawizi. Mwisho mti ulirushwa nje kutoka roshani. Krismasi imekwisha.

Mwaka mmoja Sixten aliupamba mti mwenyewe, na siku tatu baada ya Krismasi akafariki, ghafla, akiwa kitini.

Siku ya Knut watoto walipanda ngazi kama kawaida. Torborg alifungua mlango nusu.

"Mwaka huu hakuna, wanangu."

Akawapa mfuko wa peremende, akafunga.

Januari ikaisha, Februari ikafuata. Kutoka uani tuliuona mti dirishani, umekauka, umekuwa wa kahawia, na taa zake bado zinawaka. Majirani wakaanza: "Atatuchoma huyu mama!" Mimi niliishi ghorofa ya chini yake. Nilikuwa na hofu, lakini ningeanzia wapi kumwambia?

Alianza Alfhild, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke asiyemung'unya maneno. Jumamosi moja ya Machi alibisha hodi kwa Torborg, mimi nyuma yake na sahani ya maandazi.

"Torborg, mti wako umekufa."

"Najua. Na aliyeupamba pia."

Nikajua tumeharibu. Kisha Alfhild akasema taratibu, "Sixten angekubali mti ukae mpaka Machi bila kuagwa kwa wimbo?"

Torborg akautazama mti. "Angeninunia wiki nzima," akasema, akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Alfhild alimshika tu mkono.

"Lakini Knut kashapita, jamani!" Torborg akasema.

"Atarudi. Ana kazi gani nyingine?"

Nikashuka kuita watoto. Walikuja saba. Tuliimba bila kodiani, tukapotea katikati ya ubeti wa pili, tukaanza upya. Kila tulipougusa mti, majani yalimwagika kama mchele. Nyota ya juu Torborg alikataa isiguswe na mtu. Alipanda kiti mwenyewe, nasi tukamshika miguu, akaitoa, akaitia mfukoni mwa aproni.

Kwenye roshani aliushika mti kwa muda mrefu.

"Haya, baba," akasema, "nenda salama."

Akauachia. Ukatua juu ya theluji bila kishindo, na watoto wakapiga makofi.

Tulitaka kufagia majani. "Acheni, hayo ni yangu," akasema. Jioni nzima niliusikia ufagio wake juu ya dari yangu, polepole, ukisimama, ukianza tena.

Desemba iliyofuata aliniomba nimsindikize sokoni kununua mti.

"Mfupi," akamwambia muuzaji. "Nitakaoweza kuurusha peke yangu."

Lakini Januari ilipofika hakuurusha peke yake. Watoto tisa waliushika pamoja naye, na Alfhild akiwapigia kelele wasije wakamrusha na yeye.